Ujira wa Jirani Aliyevuka Mpaka



Wapendwa wana wa Mungu, juma hili tumeulizwa swali ambalo tulidhani lingepelekwa ofisi ya wilaya kabla ya kufika sakristia. Mama mmoja mjane, mwanajumuiya mwaminifu, mwenye ekari tatu na watoto ambao wote wamekwenda mjini, alitaka kujua iwapo ni halali, mbele ya Mungu na mbele ya Serikali, kumpa kazi ya shamba kijana atokaye Burundi asiye na kibali cha kazi. Hakuuliza kwa udadisi. Vijana wawili walikuwa wanamsubiri nje ya uzio wa kanisa wakiwa na majembe yao begani, na mvua za kwanza haziko mbali.

Sisi tunaoishi katika nchi hii ya Buha tunajua jambo lenyewe lilivyo. Kila mwaka ifikapo mwezi wa Septemba na Oktoba, vijana huvuka mpaka kwa makundi madogo. Hupatana bei ya ekari kwa mdomo, hupewa unga na maharage, hulala katika kibanda kando ya shamba, na kazi ikiisha hurudi kwao na fedha iliyokunjwa ndani ya soksi. Kirundi chao na Kiha chetu ni kama ndugu wa tumbo moja. Bibi zetu huongea nao bila mkalimani. Wengi wao ni Wakatoliki kama sisi, na Jumapili huwaona wamesimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Tumewahi kudhani ni unyenyekevu. Baadaye tuliambiwa kwamba anayesimama karibu na mlango huweza kutoka upesi.

Tuanze na sheria, kwa maana wengi wetu tunaisema bila kuisoma. Tanzania Bara inayo Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya mwaka 2015. Kwa sheria hiyo, mtu asiye raia haruhusiwi kufanya kazi bila kibali cha kazi, na mwajiri haruhusiwi kumwajiri mtu wa namna hiyo. Angalieni vizuri: ni makosa mawili, la mwajiri na la mwajiriwa. Yule anayejifariji akisema kwamba shida ni ya Mrundi aliyevuka bila karatasi, hajaielewa nafasi yake mwenyewe. Kibali hicho hutolewa na Kamishna wa Kazi, nacho huombwa na mwajiri. Juu yake kuna kibali cha pili, cha ukaazi, kinachotolewa na Uhamiaji chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Kwa anayekuja kuajiriwa ni kile cha daraja B. Kibali kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Na hati ya kuingia nchini kama mgeni, hata ikiwa imegongwa muhuri mpakani kwa haki kabisa, humruhusu mtu kutembea, kusalimia ndugu na kwenda sokoni. Haimruhusu kushika jembe la mtu kwa ujira.

Kamishna wa Kazi haangalii cheti cha mwombaji peke yake. Huuliza kama mwajiri alijitahidi kumtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa, na kama upo mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi ile siku za mbele. Kibali hudumu hadi miezi 24, na huweza kuhuishwa. Ada yake huhesabiwa kwa mamia ya dola. Nanyi mnaona tatizo liko wapi. Mama yetu mwenye ekari tatu atueleze vipi mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wa kupalilia maharage? Na atatoa wapi mamia ya dola kwa kazi ya majuma sita? Koti hili lilikatwa kwa kipimo cha kampuni ya mjini yenye mhasibu na mwanasheria, nasi wa vilimani tumevikwa lilelile.

Vibali vya kazi vimegawanywa katika madaraja, na tunaona vyema waamini wayafahamu. Daraja A ni la wawekezaji na wanaojiajiri; B ni la fani maalumu kama za udaktari na ualimu; C ni la fani nyingine; D ni la wanaofanya kazi za dini na za huruma; E ni la wakimbizi. Wamisionari na masista waliotoka nchi nyingine, ambao huwaona altareni na zahanati, nao hujaza fomu za daraja D. Tunalisema hili kwa sababu kuna waamini wanaodhani kwamba kanzu ni pasipoti.

Hapo watu wengi hujibu: lakini Padre, sisi sote ni Afrika Mashariki! Ni kweli. Burundi na Rwanda ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hiyo inasema juu ya uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, na kanuni zake zimeweka utaratibu mzuri: mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi, na wenye mamlaka wamjibu ndani ya siku 30. Lakini kila nchi iliandika pia jedwali la ahadi zake, yaani orodha ya kazi ambazo milango yake imefunguliwa. Jedwali la Tanzania linataja wataalamu na mafundi wa fani mbalimbali. Kibarua wa jembe hamo. Soko la pamoja limemfungulia mhandisi mlango, na mkulima wa mkono akabaki akipita porini.

Wengine tena wameichanganya sheria hii na amri iliyotolewa mwezi Julai 2025, ile iliyowakataza wasio raia kufanya biashara ndogondogo za aina 15, ikiwemo kununua mazao shambani. Amri ile inahusu biashara, nayo ina adhabu zake hata kwa Mtanzania anayemsaidia mgeni kuivunja. Mwajiri asijitetee kwa kusema kwamba kulima hakumo katika orodha ile. Kulima kwa ujira kuna sheria yake, nayo ni ile ya 2015.

Kabla hatujaendelea, lipo jambo moja ambalo linatuudhi, na tutalisema wazi. Katika vijiji vyetu kila mwenye lafudhi ya ng'ambo huitwa "Mrundi", na neno hilo hutumika kama tusi na kama hukumu. Wapo miongoni mwetu watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakiwa watoto migongoni mwa mama zao, au waliozaliwa baadaye katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Zaidi ya 160,000 kati yao walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vyao vikatolewa kuanzia mwaka 2014. Hao ni raia. Hawahitaji kibali chochote cha kazi kama vile mimi na wewe tusivyokihitaji, na kumdai karatasi mtu wa namna hiyo kila anapoomba kazi, au kumpunguzia ujira kwa sababu ya asili yake, ni jambo lililokatazwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inataja ubaguzi wa utaifa na wa mahali mtu alikotoka. Kisha wapo wakimbizi waliokuja kuanzia mwaka 2015 na kuwekwa katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, ingawa Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Hao wako chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Kutoka nje ya kambi kunahitaji ruhusa, na kufanya kazi kunahitaji kibali cha daraja lao. Kundi la tatu ndilo la vijana wa msimu. Watu watatu wanaweza kuketi benchi moja, wakaongea lugha moja na kuwa na jina moja la ubatizo, na kila mmoja akawa na hali yake mbele ya sheria. Mwajiri mwenye busara huuliza kwa adabu kabla ya kukisia.

Sasa tufike penye jeraha lenyewe. Katika kigango kimoja, ambacho hatutakitaja, vijana watatu walilima kwa mtu mmoja kwa muda wa majuma sita. Walipatana kwamba ujira wote utalipwa siku ya mwisho, kama ilivyo desturi. Usiku wa kuamkia siku hiyo wakaja walinzi wa kijiji pamoja na wenye mamlaka, wakawachukua kutoka kibandani, na kesho yake wakawa ng'ambo ya mpaka, mikono mitupu. Aliyepeleka taarifa ni yuleyule aliyewalimisha. Siku ya tatu mmoja wao alimpigia simu katekista. Hakulalamika sana. Aliuliza tu kama koti lake lililobaki kibandani limeonekana, kwa kuwa kwao kuna baridi.

Ndugu wapendwa, tungependa kuamini kwamba hilo ni tukio la mtu mmoja. Wazee wa baraza wametuambia sivyo. Ni mbinu, nayo ina jina la mzaha ambalo hatutalirudia hapa. Na wanaoitumia husimama upande wa sheria! Husema: nimetimiza wajibu wangu wa kizalendo, nimetoa taarifa. Lakini sheria hiyohiyo ilikuwapo siku ya kwanza walipomkabidhi yule kijana kipande cha shamba. Kama walikuwa na uchungu wa nchi, mbona haukuwauma hata ekari ya mwisho ilipomalizika kulimwa?

Wala tusidhani kwamba udanganyifu wa namna hii ni mgeni kwetu. Babu zetu Waha walikuwa manamba. Walichukuliwa kutoka Kasulu na Kibondo, wakapelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda hata chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na Kigoma ilikuwa miongoni mwa nchi walikovuna watu. Manamba alipewa kipande cha siku 30. Msimamizi akikataa kuweka alama kwa sababu mzigo wa mkonge haukutimia, siku ile ilipotea, na jasho lake likapotea pamoja nayo. Wapo wazee katika parokia yetu waliosikia habari hizo kutoka vinywani mwa baba zao. Inashangaza jinsi wajukuu wa manamba walivyojifunza upesi kazi ya msimamizi.

Maandiko Matakatifu yanasema juu ya jambo hili kwa ukali ambao hatuna haja ya kuuongeza. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaamuru kibarua maskini alipwe siku yake kabla jua halijachwa, awe ndugu au mgeni anayekaa katika nchi; na Mtume Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Katekisimu ya Kanisa huutaja ujira ulionyimwa kati ya dhambi zinazolia mbinguni. Hakuna mahali ambapo wanaulizwa kwanza kama kibarua alikuwa na kibali.

Tumefikiri pia sana juu ya Boazi. Ruthu alikuwa mgeni, Mmoabu, tena mjane. Boazi aliwakataza vijana wake wasimguse, akamwonyesha mahali pa kunywa maji, akawaambia wavunaji wamwachie masuke kwa makusudi. Hayo tumeyahubiri mara nyingi. Tunachokisahau ni kwamba ilipofika siku ya kuimarisha hali ya mgeni huyo, Boazi hakufanya mambo ya gizani. Alikwenda kwenye lango la mji, akaketi, akawaita wazee 10, akalimaliza jambo kwa utaratibu wa nchi mbele ya mashahidi. Yeye aliyekuwa mkarimu shambani alikuwa mtu wa sheria langoni, na ukarimu wake ndio uliompeleka langoni. Sisi tumevigawanya viwili hivi: mwenye huruma hukwepa sheria, na mwenye kuitaja sheria hukwepa huruma.

Basi, tumwambie nini mama yetu mjane?

Hatuwezi kumwambia kwamba Padre ameruhusu. Hatuna mamlaka hayo, na siku gari la Uhamiaji litakapofika nyumbani kwake, jina letu halitamsaidia. Tunakumbuka mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita: watu waliondoka kwa maelfu, na baadhi yao walikuwa wameishi kwetu miaka mingi, wameoa na kuolewa hapa. Tulimshauri atafute kwanza vijana wa vitongoji vyetu, nao wapo, ingawa tunajua jibu watakalotoa: bei ni ndogo. Na hapo ukweli unajitokeza. Mara nyingi tunamtafuta jirani wa ng'ambo si kwa sababu wa kwetu wamekosekana, bali kwa sababu wa ng'ambo hawezi kukataa bei. Ipo Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara, na kilimo kimo ndani yake. Haikuandikwa kwa ajili ya serikali na viwanda peke yake. Mama huyo, tuseme haki, hana utajiri wa kulipa zaidi. Jumuiya yake imekubali kumsaidia kwa zamu ya siku mbili. Vijana wale wawili walikula chakula cha mchana parokiani, wakaenda zao. Hatukuwapa kazi, na hatukuona fahari katika kuwanyima.

Kwa wale wenye mashamba makubwa ya tumbaku na ya mahindi, na mnajijua, maneno yetu ni mengine. Ninyi mnao uwezo wa kufuata utaratibu. Tangu mwaka 2021 maombi ya vibali hupitia mtandaoni, na Afisa Kazi wa mkoa yupo kwa ajili ya kuwaelekeza. Kama mnaona sheria haiwafai wakulima, semeni hivyo kwa diwani na kwa mbunge, semeni katika vikao vya ujirani mwema. Sisi wenyewe tungependa kuona siku moja kibali cha msimu, chenye ada ndogo, kinachoombwa wilayani na kutolewa kabla mvua hazijapita. Hilo ni oni letu, wala hatulifichi.

Na kama tayari mtu amekulimia, mlipe. Mlipe raia, mlipe mkimbizi, mlipe aliyevuka kwa miguu usiku. Hatuwaagizi kuvunja sheria ya ajira za wageni. Tunasema tu kwamba kosa la kumwajiri bila kibali halifutwi kwa kumwibia. Waliolipwa na kurudishwa kwao wamepata shida moja. Waliorudishwa bila kulipwa wamepata mbili, na ya pili imetoka kwetu. Kwa habari ya yule mtu wa kigango, tumeonana naye. Fedha ya vijana watatu iko mkononi mwa katekista, nasi tunatafuta njia ya halali ya kuivusha. Koti halijaonekana.

Lipo pia jambo la watoto, ambalo tutalisema kwa ufupi ingawa lastahili juma lake lenyewe. Binti wa miaka 12 aliyeletwa kutoka ng'ambo "kusaidia nyumbani" si msaada, ni kosa. Sheria ya Ajira inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, awe wa taifa lolote, na aliyefikia umri huo huruhusiwa kazi nyepesi tu. Anayemchukua mtu kwa hila, akamshikia kitambulisho chake hadi mavuno na kumlazimisha kazi, asishangae akikutana na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Tumesikia kuna nyumba mbili. Tutazitembelea.

Mwisho tuseme juu ya daftari. Kwa kila mfanyakazi, na hapa tunasema hasa juu ya wale mnaowaajiri kihalali, raia na wenye vibali, sheria ya 2004 inamtaka mwajiri aandike mambo ya msingi ya ajira: jina, kazi, mahali, saa, ujira na namna ya kuulipa. Mkataba wa kazi maalumu, kama kulima ekari mbili, ni mkataba unaotambulika. Tena likizuka shauri na mwajiri hana maandishi, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha kile ambacho mfanyakazi anadai kilipatanwa. Ujira hulipwa kwa fedha siku iliyokubaliwa. Jembe likivunjika, msikate mnavyopenda: fidia ya uharibifu ina masharti yake, lazima mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira. Anayedhulumiwa huweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akiachishwa kazi isivyo haki anazo siku 30, na kwa madai mengine siku 60.

Halmashauri ya Walei imenunua madaftari 40, nayo yatagawiwa baada ya Misa ya pili Jumapili ijayo. Kila ukurasa una mistari ya mambo yale tuliyoyataja, na sehemu mbili za sahihi au dole gumba. Mwajiri abaki na nakala moja, kibarua apewe nyingine. Wasiojua kuandika wamwone katekista wa kigango chao, au vijana wa VIWAWA ambao wamekubali kusaidia bila malipo kila Jumamosi mchana, kwenye kivuli cha mwembe ulio karibu na ofisi.